Usichemshe Tu, Pima

Mama anayelea mtoto Gataka hahitaji kufundishwa kuchemsha maji. Kliniki ilishamwambia, redio humkumbusha, na kila habari za kipindupindu zinaposikika Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii hupita mlangoni na ujumbe uleule. Ujumbe huo ni wa kweli, na nitakayoyasema hapa yasimfanye mtu yeyote aache kuchemsha. Moto huua vijidudu. Lakini maji ya visima virefu vya huku kwetu mara nyingi yana kitu kingine ambacho moto hauwezi kukiua kwa sababu hakina uhai. Ni floridi, madini yaliyoyeyuka kutoka kwenye mwamba. Sufuria ikikaa jikoni muda mrefu, maji hupungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale, na yanayosalia ndani huwa makali kuliko yaliyotiwa.

Jambo ninaloomba wakazi wa Gataka, Rongai, Kiserian, Kitengela na Kajiado nzima walishike ni hili: madini ya mwamba hayaonekani, hayanuki, na hayaishi kwa kuchemshwa. Hujulikana kwa kipimo cha maabara tu. Ombi hili linawahusu pia majirani zetu wanaoishi huku lakini nyumbani kwao ni Nyatike, Migori, au Ikolomani, Kakamega, penye machimbo ya kale ya dhahabu. Huko kuna aseniki, madini hatari kuliko floridi kwa mbali sana. Nitafika huko.

Kwanza tuelewe kwa nini sisi. Milima ya Ngong tunayoitazama kila asubuhi ni mabaki ya volkano. Ardhi yote kuanzia hapo kuteremka Bonde la Ufa imetandazwa mawe yaliyotoka tumboni mwa dunia yakiwa moto, na mawe ya aina hiyo yana floridi nyingi. Mvua ikinyesha, maji huzama polepole kupitia mwamba huo, na kadiri yanavyokaa chini ndivyo yanavyozidi kuyeyusha. Pale ambapo maji yana chokaa nyingi, chokaa huikamata floridi na kuitua. Maji yetu ya chini yana chokaa kidogo na magadi mengi, kwa hiyo floridi huelea huru. Mwisho wa safari hiyo ni Ziwa Magadi, katika kaunti yetu hii hii, ambako floridi imerundikana kwa kiwango ambacho hakuna binadamu anayeweza kuyanywa maji yake. Wenzetu wa Nakuru na Naivasha wana tatizo hili, na vilevile Arusha, ambako watu wa Maji ya Chai wamejulikana vizazi na vizazi kwa meno ya kahawia.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floridi katika maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita, na viwango vya Kenya hufuata kikomo hichohicho. Chini ya hapo floridi kidogo hata husaidia meno yasioze, ndiyo maana hutiwa kwenye dawa ya meno. Juu ya hapo huanza kuharibu. Visima viwili vilivyopakana, kimoja kinaweza kuwa chini ya kikomo na cha pili kikawa mara kadhaa juu yake, kwa sababu vimechimbwa kwa vina tofauti na vinafyonza mwamba tofauti. Kwa hiyo maneno kama “maji ya upande huu ni mazuri” hayana maana yoyote. Kila kisima kina namba yake.

Pana kosa moja ambalo nimelisikia mara nyingi mno. Watu huku hugawa maji mafungu mawili: maji ya chumvi na maji matamu. Ya chumvi ni ya kufulia na kudeki, matamu ni ya kunywa. Ulimi ndio unaoamua. Lakini floridi ya miligramu 3 au 5 kwa lita haina ladha, na maji yanayoteremka kooni vizuri kabisa yanaweza kuwa ndiyo yanayoharibu meno ya mtoto. Ulimi hutambua chumvi, na hapo ndipo uwezo wake unapokomea.

Sasa tuje kwa mtoto, maana hapo ndipo penye haraka. Meno ya utu uzima hayaanzi kutengenezwa siku yanapochomoza. Hutengenezwa ndani ya ufizi kuanzia mtoto anapozaliwa hadi anapofika karibu miaka 8, na yale ya mbele, yanayoonekana mtu akicheka, huwa katika hatari kubwa zaidi kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Floridi ikizidi katika miaka hiyo, ganda gumu la nje la jino halikomai inavyopaswa. Mtoto akifika miaka 6 au 7 jino linachomoza na michirizi myembamba myeupe, au mabaka kama ya chaki. Likiwa limeathirika zaidi, ganda hunyonya rangi baada ya kutoka na kuwa kahawia, na likiathirika vibaya hutoboka vishimo na kumeguka. Wakati huo mzazi ndipo anaposhtuka, na wakati huo hakuna mswaki unaoweza kurudisha kitu. Aliyekwisha kuota meno yake yote ya utu uzima akiwa kwingine, kisha akahamia Gataka akiwa na miaka 25, meno yake hayatabadilika. Ndiyo sababu baba na mama wa nyumba wanaweza kuwa na meno meupe na watoto wao wote watatu wakawa na meno ya kahawia, na majirani wakasema ni uchafu.

Kwa watu wazima madhara ni ya polepole na huhitaji kiwango cha juu kwa miaka mingi: floridi hujijenga ndani ya mifupa, viungo na mgongo vikaanza kukakamaa na kuuma. Hali hiyo ni nadra kuliko ile ya meno, lakini mzee aliyekunywa kisima kimoja kikali kwa miaka 20 na sasa hawezi kuinama anapaswa kumtajia daktari maji anayokunywa, maana daktari hataliwaza hilo mwenyewe.

Basi hatua ya kwanza ni kupata namba ya maji yako. Ukiwa na kisima chako, au ukinunua kwa mwenye kisima, anza kwa kuuliza karatasi. Kuchimba kisima kirefu Kenya kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mchimbaji anatakiwa kuacha rekodi ya kisima pamoja na majibu ya kupimwa kwa maji. Kisima kilichofuata sheria kina karatasi mahali fulani. Itazame kwa makini. Tafuta neno floridi na namba iliyo mbele yake, kisha tarehe. Karatasi nyingi zinazobandikwa ukutani katika vituo vya kuuzia maji ni za vijidudu peke yake. Zinaonyesha maji hayana kinyesi, jambo jema, lakini hazisemi lolote kuhusu mwamba. Ukimpigia mwenye boza, usimuulize kama maji yake ni masafi, kwa kuwa atasema ndiyo na atakuwa anaamini. Muulize hivi: “Mzee, maji haya unayatoa kisima gani, na floridi yake ni ngapi?” Akijibu kwa namba iliyo chini ya 1.5, mnunulie. Akishangaa, umemfundisha kitu, na wateja watano wakimuuliza hivyo juma moja atakwenda kupima bila kusukumwa.

Pasipo karatasi, peleka mwenyewe. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja iliyo safi. Usitumie ya glasi, maana floridi hushikana na glasi. Acha bomba litiririke dakika chache ili maji yaliyolala kwenye paipu yatoke. Suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, ijaze, ifunge, kisha uandike juu yake mahali, tarehe na kina cha kisima ukikijua. Ipeleke kwenye maabara iliyoidhinishwa; idara za serikali zina maabara, vyuo vikuu vinazo, na kampuni binafsi zipo Nairobi. Ukifika sema wazi kwamba unataka floridi ipimwe, kwa sababu ukisema “nipimieni maji” utapimiwa vijidudu. Gharama ya kipimo kimoja cha floridi ni ndogo ukiifananisha na gharama ya kutengeneza jino moja la mbele, na wapangaji 10 wa ploti moja wakichanga huwa ni pesa ya mitungi michache tu kwa kila mmoja.

Namba ikirudi chini ya 1.5, endelea na maisha yako, na uchemshe. Ikirudi juu, usikihame kisima wala usiogope kuoga. Floridi haipiti kwenye ngozi kwa kiwango cha kudhuru. Oga, fua, deki, osha vyombo, nawa mikono, mwagilia sukuma wiki. Kinachotakiwa kubadilika ni maji yanayoingia mdomoni tu: ya kunywa, ya chai, ya uji, ya ugali na ya kupikia. Watu wengi husahau mapishi. Ugali hunywa maji yote unayouwekea, na maharage yanayochemka kwa saa tatu hubaki na floridi yote ya maji yaliyoongezwa tena na tena.

Maji hayo ya mdomoni ni machache kuliko watu wanavyodhani, na hapo ndipo penye matumaini. Kadiria lita 5 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 5 ni lita 25, kiasi cha mtungi mmoja na robo. Kwa mwaka mzima ni lita 9,125. Sasa tazama juu ya paa lako. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Nyumba ya mabati yenye paa la mita 10 kwa 5 ina mita mraba 50. Mwaka wa mvua haba wa milimita 500 hushusha juu yake lita 25,000, na hata ukipoteza moja ya tano kwa kumwagika unabaki na 20,000. Mvua hiyo haina floridi ya kutajika, kwa kuwa haijagusa mwamba. Tena haihitaji tangi kubwa la kutisha. Kati ya mvua ndefu zinazoisha Mei na zile fupi za Oktoba kuna siku kama 150. Mara 25 ni lita 3,750. Tangi la lita 5,000, likijazwa misimu yote miwili na kufungwa kufuli ili lisitumike kufulia, linailisha familia hiyo maji ya kunywa na kupika mwaka wote. Nasisitiza kufuli. Tangi la mvua huisha si kwa sababu ya ukame bali kwa sababu mtu alilitumia kuoshea gari.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, maana inaosha vumbi na mavi ya ndege kutoka kwenye mabati. Weka kichujio cha wavu kwenye mdomo wa tangi, funika vizuri mbu wasizaliane, na maji hayo uyachemshe. Paa la asbesto au lililopakwa rangi ya zamani inayobambuka lisitumike kukusanyia maji ya kunywa.

Tangi likipungua, changanya. Kisima chenye miligramu 3 kwa lita ukikichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua unapata 1.5. Chenye 6, mtungi mmoja wa kisima kwa mitatu ya mvua. Mtoto chini ya miaka 8 mpe ya mvua tupu, watu wazima wanywe mchanganyiko. Ni hesabu ya darasa la tano, lakini bila ile namba ya maabara huwezi kuifanya. Maji ya mfereji yanayotoka mbali ni msaada pia: ya Nairobi hutoka kwenye mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, na bomba la Noolturesh huleta maji ya chemchemi za Kilimanjaro hadi Kitengela. Pale yanapofika, na siku yanapofika, yawekeni akiba ya kunywa. Shida ni kwamba wasambazaji wengine huyachanganya na ya visima, kwa hiyo nayo yaulizwe namba.

Kuhusu vichujio, pesa nyingi hupotea hapa. Kile cha mshumaa wa udongo hakitoi floridi. Klorini haitoi. Kuanika chupa juani, kuchuja kwa kitambaa, mbegu za mlonge, yote hayo ni ya vijidudu na tope. Shabu hutoa floridi pale tu inapotiwa kwa vipimo vikubwa pamoja na chokaa, kazi inayofanywa na mafundi wenye vifaa, usiijaribu jikoni. Vinavyofanya kazi nitataja viwili. Cha kwanza ni mashine ya utando laini sana inayosukuma maji kwa nguvu na kuyaacha madini nyuma, ambayo ndiyo hutumika katika maduka mengi ya kujazia mitungi. Maji yake ni mazuri mashine inapotunzwa, lakini utando huchakaa, kwa hiyo muulize mwenye duka alibadilisha lini na umwombe kipimo cha maji yanayotoka, si yanayoingia. Cha pili ni makaa ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto lililopimwa na kusagwa. Idara ya maji ya Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hii kwa miaka mingi na kujenga vichujio vya majumbani na vya shule. Makaa hayo hujaa baada ya muda, na yakijaa hayazuii kitu. Asiyetaka kupima tena asinunue kichujio hicho.

Mambo mawili ya jikoni ambayo yako mikononi mwetu leo hii, bila tangi wala maabara. La kwanza ni magadi. Tunayaweka kwenye githeri na maharage yaive upesi, na magadi ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi sana. Kijiko kimoja kwenye sufuria kinaweza kuzidi madhara ya maji yenyewe. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa mengine. La pili ni chai ya rangi kwa watoto wadogo. Majani ya chai yana floridi yake. Mtoto wa miaka miwili mpe maziwa, ambayo yana floridi kidogo na yana kalsiamu ya kumsaidia. Anayenyonya ana bahati zaidi, maana maziwa ya mama hayapitishi floridi nyingi hata mama akinywa maji makali. Anayelishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima ndiye aliye hatarini kuliko wote nyumbani, kwa hiyo lita ya kwanza ya maji salama iwe yake.

Mpangaji hana paa la kukusanyia mvua na mara nyingi hana sauti. Lakini mna kundi la simu la ploti, na mnachanga pesa za ulinzi na za taka. Changeni za kipimo, mpeleke majibu kwa mwenye nyumba kwa heshima, mkiwa kundi. Tangi moja la lita 10,000 kwenye ploti ya familia 8, kwa ajili ya watoto wadogo peke yao, linabadilisha mambo. Chekechea nazo zisisahauliwe. Mtoto hunywa uji na chakula cha mchana shuleni siku 5 kwa juma, na shule ina paa kubwa kuliko nyumba yoyote ya jirani. Mkutano wa wazazi ukifika, ulizeni maji ya uji yanatoka wapi kabla ya kuuliza rangi ya sare.

Na waliokwisha kuathirika? Hao ni wengi, na nawaandikia kwa moyo wangu wote. Meno ya kahawia si uchafu. Asimpige mtu mtoto wake kwa madai kwamba hapigi mswaki, wala mwalimu asimfanyie mzaha darasani. Msisugue kwa mchanga, jivu wala waya wa chuma. Hilo ganda ndilo lililokuwa dhaifu tangu mwanzo na mkilimaliza jino litaoza. Msikubali wanaotembea mitaani na asidi za kung'arisha. Daktari wa meno anaweza kulainisha mabaka mepesi, kufunika jino la mbele kwa gamba la rangi ya jino, au kulivalisha kofia likiwa limemeguka. Kijana anayeficha mdomo kwa kiganja kila anapocheka aelezwe kwamba tiba ipo, ingawa ina bei, na kwamba wapo maelfu kama yeye kutoka hapa hadi Arusha.

Sasa tufike kule nyumbani penye dhahabu. Gataka haina mgodi wa dhahabu, lakini ina watu wa kutoka Migori na Kakamega, ambao Desemba hurudi na watoto, na wengi sasa wanajenga na kuchimba visima kule. Dhahabu ya kanda hizo hukaa ndani ya mawe yenye salfa, na mara nyingi huandamana na jiwe la chuma na aseniki. Jiwe likiwa zima chini ya ardhi kwa kawaida halimdhuru mtu. Likishachimbwa, likasagwa unga na kurundikwa nje, hewa na mvua hulilegeza na aseniki kuanza kutiririka. Kakamega ilivamiwa na watafuta dhahabu mwaka wa 1931 na mgodi wa Rosterman ukafungwa 1952. Ule wa Macalder, Nyatike, ulifungwa 1966. Makampuni yaliondoka, vifusi vikabaki, na wachimbaji wadogo wanavisaga upya hadi leo kutafuta mabaki ya dhahabu. Utafiti wa Ogola, Mitullah na Omulo kuhusu ukanda wa Migori, uliochapishwa 2002, ulikuta aseniki, risasi na zebaki katika vifusi na mashapo ya vijito kwa viwango vya kutia wasiwasi. Kufungwa kwa mgodi hakufungi sumu yake. Huko Yellowknife, Kanada, mgodi wa Giant ulifungwa 2004 na kuacha chini ya ardhi tani 237,000 za vumbi la aseniki, ambalo serikali inalazimika kuligandisha kwa baridi lisitoke.

Kikomo cha aseniki katika maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, mara 150 chini ya kile cha floridi. Haina rangi, haina harufu, na kuchemsha huiongeza ukali vilevile. Anayeinywa miaka mingi huanza kuona madoa meusi na meupe kwenye ngozi ya kifua na mgongo, viganja na nyayo kuwa nene na zenye vinundu, na baadaye saratani za ngozi, kibofu na mapafu. Bangladesh imetufundisha kwa uchungu. Miaka ya 1970 walichimbiwa visima vya pampu ili kuepuka kuhara, kwa nia njema, na hakuna aliyepima aseniki. Ilipogunduliwa katika miaka ya 1990, mamilioni ya watu walikuwa wameshainywa. Ndipo pampu zilipopimwa moja moja na kupakwa rangi, nyekundu kwa iliyo mbaya na kijani kwa iliyo salama, na ikaonekana kwamba mara nyingi kijani ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa nyekundu.

Kwa hiyo ukitaka kuchimba kisima kwa wazee wako Nyatike, kwanza usikiweke chini ya mteremko wa vifusi wala kando ya kijito kinachotoka machimboni. Maji yakitoka, pima aseniki kabla ya mtu yeyote kuyanywa. Maabara itakupa chupa yake yenye dawa ya kuhifadhi, ukiomba kwa jina. Ukikosa uwezo wa kisima, wape tangi la mvua, ambalo huko hujaa kwa urahisi kuliko huku kwetu. Mchanga laini wa kijivu uliobaki baada ya kusagwa usichukuliwe kupigia plasta wala kujazia ua, hata kama ni wa bure na umelainika vizuri. Watoto wadogo ndio humeza vumbi lake zaidi, kwa kuwa hucheza chini na kutia vidole mdomoni. Mchimbaji abadilishe nguo na viatu nje kabla ya kumbeba mtoto. Viazi na mihogo ya shamba lililo karibu vioshwe na kumenywa. Na zebaki isichomwe kamwe kwenye jiko la nyumbani. Moshi wake hushambulia ubongo wa mtoto, na hilo halihitaji maabara kuthibitisha.

Ukimwona mjomba au shangazi ana madoa yale na viganja vigumu, msimpeleke kwa daktari kwa neno “ngozi” peke yake. Mwelezeni daktari wazi kwamba anaishi karibu na mgodi wa zamani na kwamba mnaomba aseniki iangaliwe kwenye mkojo. Hakuna kidonge kitakachomsaidia akiendelea kunywa kisima kilekile. Maji yabadilishwe siku hiyohiyo, hata kabla ya majibu.

Wapo watakaosema serikali ndiyo inayopaswa kufanya haya. Ni kweli. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, zikiwemo za visima vilivyopewa vibali. Lakini tazama jinsi wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walivyofika mahakamani. Phyllis Omido, mama aliyewaongoza, hakuanza na maandamano. Mwanawe aliugua, vipimo vya damu vikaonyesha madini ya risasi, akawashawishi na majirani wapimwe. Karatasi hizo ndizo zilizofanya malalamiko ya mtaa wa mabanda kuwa kesi, na mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaendelea kwenye rufaa miaka mingine, lakini ushahidi ulikuwa tayari umekaa kwenye faili. Gataka nayo ikiwa na karatasi 20 za visima 20, zenye tarehe na namba, mwakilishi wa wadi na kampuni ya maji ya kaunti watakuwa na jambo la kujibu.

Kipimo kirudiwe kila mwaka, na pia kisima kikiongezwa kina au pampu ikishushwa. Karatasi moja ikae ndani ya kijitabu cha kliniki cha mtoto, ili muuguzi aione mnapokwenda chanjo. Namba yenyewe, pamoja na mwezi na mwaka, iandikwe kwa rangi ya mafuta ubavuni mwa tangi, mahali ambapo hata msichana wa kazi aliyefika jana ataisoma kabla ya kuchota maji ya uji.